Kura za Kumhurumia Roland

Thornley Parva, Ijumaa

Mdogo wangu Hilary,

Huku mvua tu, na yule paka uliyetuachia amenenepa mpaka mlango wake haumtoshi. Uchaguzi nimeshindwa. Kwa kura moja. Diwani wetu wa kijiji sasa ni Roland, yuleyule anayetaka kung'oa benchi la kumbukumbu ya baba pale bwawani ili magari yapate pa kuegesha.

Kijiji kizima kiliniahidi kura. Basi jana nikamuuliza mume wangu, "Desmond, wewe ulinipigia?"

Akakoroga chai weee. "Nilijua utashinda tu, Gwen. Nikaona Roland asije akaambulia patupu. Maskini, juzi tu mkewe kamkimbia."

Nikaenda kwa jirani Pauline, naye vilevile. Kasisi naye vilevile, tena akanikatia keki. Watu hawa wema wao utanitoa roho.

Mama bado anakwenda kwenye benchi kila alasiri, anaongea na baba kana kwamba baba kaenda tu kununua gazeti na atarudi sasa hivi. Siku hizi anapotea hata jikoni kwake, Hilary, lakini benchi hajawahi kulikosa. Likiondolewa, sijui nitampeleka wapi.

Leo tulipokaa pale kaniuliza kama nimeshinda. Nikamwambia ndiyo.

"Si nilijua," akasema, akinipapasa mkono. "Ndiyo maana kura yangu nikampa Roland."

Dada yako aliyechoka,
Gwen