Mafuta ya Nazi kwenye Bastola

Likoni, Jumanne, 8 Julai. Asubuhi ya manyunyu na upepo wa kusi.

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sote wazima, mamako amepona goti, na mjomba wako amejaaliwa mtoto wa kike.

Umeniuliza uchague bastola gani, kwa kuwa kazi yako huko Kanada ni kwenye misitu yenye dubu. Aina sizijui. Naijua moja tu.

Mwaka wa hamsini na tisa kaka'ngu Athumani alikuwa akipima mipaka kwenye msitu wa Shimba, na mkubwa wake alimpa bastola kwa ajili ya mbogo. Alipokuja nyumbani niliisafisha mimi. Hapa pwani chumvi hula chuma, basi niliipaka mafuta ya nazi, ndani na nje.

"Ing'arishe, dada, mbogo ajitazame kabla hajafa," alinitania.

"Haya, bwana mkubwa."

Wiki aliyorudi kazini kulikuwa na baridi kule vilimani. Wenzake walisimulia kuwa mbogo alipomjia alfajiri, Athumani alifyatua mara mbili na bastola haikulia. Mafuta yalikuwa yameganda. Tulimzika alasiri ile ile.

Chagua ile utakayoisafisha mwenyewe, kwa mafuta yake, na uijaribu kwenye baridi kabla hujaingia msituni.

Hakuna aliyewahi kuuliza nani aliipaka, nami sikusema, hata kwa mamangu. Nimekuambia wewe.

Bibi yako,
Mwanaisha

Jumatano. Barua niliimaliza jana saa nne usiku. Usingizi haukunijia mpaka saa tisa.