Mwezi Ulioonekana Kiritiri

Juma, rafiki yangu,

Mwanao Salim sasa anafunga nyama kwa karatasi ya kaki. Anasema magazeti ya zamani hayapatikani, watu wanasoma habari kwenye simu. Nikitoka shule napitia buchani, nanunua nusu kilo yangu, naiangalia karatasi ile tupu, naenda chumbani. Hakuna cha kubishania.

Unakumbuka ulivyokuwa hufungi nyama kabla hatujamaliza ukurasa? Wateja wanangoja, wewe umeshika kisu mkono mmoja na gazeti la mwezi uliopita mkono wa pili, unamkasirikia waziri ambaye ameshafutwa kazi. Ulikosea mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Hadi leo sijui nani alikudanganya kwamba stima hupotea kwa sababu maji ya mvua yameingia ndani ya waya. Fizikia yangu yote haikukutoa hapo.

Habari za huku si nzuri. Mafuta yamepanda, na kila kitu kimepanda nayo. Wanasiasa wameanza tena kujileta kanisani kwetu na msikitini kwenu. Wanafunzi wangu wanaandikiwa majibu na mashine ya kwenye simu, nayo hukosea kwa adabu kuliko wewe. Asubuhi mawingu yakiachana nautazama Mlima. Theluji imebaki kidogo sana. Nageuka nikuambie, halafu nakumbuka.

Lakini ninalolikosa zaidi ni ubishi wetu wa mwezi. Kila Ramadhani ikikaribia nilikuambia wanasayansi wameshapiga hesabu, ya nini kusimama nje kukodolea mawingu? Ukanijibu vilevile kila mwaka: "Mwalimu, kuambiwa mwezi uko si kuuona. Mimi nataka macho."

Jumamosi uliyofariki nilikuwa nyumbani Kianjokoma nikichuma majani chai. Salim alinipigia asubuhi. Nililia, kisha nikafanya tunavyofanya kwetu: nikawapigia walimu wenzangu tuunde kamati, nikawaza hema na picha yako ya kuweka kwenye programu ya mazishi, nikapeleka suti kwa fundi. Kwetu maiti hungoja wiki nzima, pengine zaidi. Nimepanga chumba mtaani kwenu Majengo miaka mingi, nimeona mazishi yenu, najua vizuri kwamba hamchelewi. Lakini msiba ulipokuwa wangu, nilirudi kwa nilichozoea tangu utotoni. Nilifika Jumatatu na suti yangu. Ulikuwa umezikwa Jumamosi ileile, kabla ya alasiri.

Hakuna aliyenilaumu. Mkeo alinipa chai. Salim alisema twende anionyeshe kaburi, nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Tangu hapo kila akiniambia, nina mitihani. Uchungu wangu ni huu, Juma: sikukuaga, sikutia hata konzi moja ya udongo, sikuona. Niliambiwa tu. Na wewe ndiye uliyeniimbia miaka yote kwamba kuambiwa si kuona, ndiyo maana nimekuwa nikipita buchani kila jioni kama mtu anayekungoja.

Jana jioni nilisimama na Salim nje ya msikiti kuutafuta mwezi wa Ramadhani, pale ulipozoea kusimama. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Hesabu ninayo kwenye simu, sikuitoa. Kisha Salim akapigiwa na mjomba wake wa Kiritiri, kule kukavu: mwezi umeandama, ameuona. Salim akafuta machozi, akaniambia, "Mwalimu, hata mzee angekubali. Hayo ni macho."

Nilirudi chumbani na maneno hayo. Ni kweli. Mara ngapi mawingu ya Meru yalikunyima mwezi, nawe ukafunga kwa macho ya mtu aliye mbali? Basi Salim alikuona. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini akakupokea. Sina budi kuyakubali macho yake.

Kwa hiyo umekufa, rafiki yangu. Sikuwa nimeliandika neno hilo popote.

Kwaheri, Juma. Lala salama. Ijumaa baada ya swala Salim atanipeleka ulipo, na sitasingizia mitihani. Suti nitaiacha kwenye msumari wake. Na mwakani, mawingu yatake yasitake, nitasimama mahali pako nje ya msikiti nikutafutie mwezi. Simu itabaki chumbani.

Mimi rafiki yako,
Mwalimu