Mwalimu Gervas na Komeo la Tano

Mwaka umezunguka, Gervas Mkude, tangu Jumanne ile ya tarehe 13 Agosti 1996 ulipotuaga katika wodi ya wanaume, siku nne tu baada ya kulazwa kwa shinikizo la damu. Tulikupandisha kwenu Mgeta kwa lori lililokuwa limeshusha kabichi sokoni asubuhi ile. Mkeo Modesta alikaa karibu na jeneza, na kila lori lilipokata kona aliwaza kwamba ungekuwa hai ungemshusha dereva akuonyeshe breki kwanza.

"Nionyeshe kwanza." Hilo ndilo neno lako. Mchuuzi alilazimika kuipasua kabichi kabla hujaitia kikapuni, na nesi aliyekuletea vidonge ulitaka kuiona chupa vilimotoka. Wanafunzi wako walikuita Tomaso, nawe ulijua ukajifanya hujui. Hukuwa mkali. Ulikuwa na shaka ya upole, na tulikutania sana kwa hilo.

Kwa miaka mingi ulisimamia kazi ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kujifunza kazi viwandani, likizo ya Juni. Viwanda vilipokuwa vya umma kulikuwa na bweni, matroni na chakula cha mchana, na wewe ulichohitaji ni karatasi na muhuri. Kisha vikaanza kuuzwa. Bweni moja likageuzwa ghala, matroni wakapunguzwa kazini, na wenye mali wapya wakasema wanafunzi waje tu, ila pa kulala wajitafutie. Ukaanza kuzunguka mitaani na mkoba wako wa turubai, ukiwatafutia vyumba. Wafanyakazi walidhani unaleta watoto wa kuchukua nafasi zao. Meneja mmoja alidhani umetumwa na serikali kumchunguza. Na nyumbani, mkeo akaanza kukushuku kwa sababu ya komeo.

Ilikuwa Mei 1995. Modesta alikuwa akitafuta kalamu nyekundu mkobani mwako. Chini ya madaftari akakuta komeo jipya la chuma, limefungwa kwenye gazeti pamoja na skrubu zake na bisibisi. Alifurahi. Mlango wetu wa nyuma ulikuwa ukifungwa kwa waya tangu binti yenu Rosa yuko darasa la pili, na yeye akaona hatimaye umeamua. Alingoja Jumamosi, akangoja Jumapili. Jumatatu komeo halikuwamo tena mkobani, na mlango wetu ulikuwa na waya wake ule ule.

Wiki tatu baadaye akakuta jingine.

"Baba Rosa, hili komeo la nani?"

"La kazi."

"Ualimu gani huo wa makomeo?"

Ulicheka, ukaomba chai. Ulidhani umemaliza, kumbe ndiyo kwanza ulikuwa umeanza.

Alimpelekea habari jirani yake Mwanvita, wakachambua mchicha na kukuchambua wewe pamoja. Mwanvita akasema, "Mama Rosa, mwanaume hanunui komeo bila mlango. Na mlango hauning'inii hewani. Una nyumba, na nyumba ina mwenyewe." Tangu siku hiyo Modesta hakulala vizuri. Mei ya mwaka uliofuata alipoona komeo la tatu, kisha la nne, alijitanda khanga akakufuata hadi Mji Mpya. Alisimama kwa muuza mkaa akijifanya anachagua. Akakuona umekunja mikono ya shati, unaingia uani na mwanamke mnene anayecheka. Mkaingia chumba cha nyuma. Mlango ukafungwa.

Modesta alinunua mkaa ambao hakuuhitaji, akaubeba hadi nyumbani. Hakukuuliza. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Kuanzia siku hiyo alikupakulia chakula bila neno, na salamu zake zikawa fupi. Nawe, uliyetaka kuonyeshwa kila kitu, hukumwomba akuonyeshe kilichokuwa moyoni mwake. Au uliona ukaogopa. Hatujui.

Siku ya mwisho wodini ulimshika mkono ukasema, "Mkoba wangu, Mama Rosa. Usiutupe." Alitingisha kichwa akikubali, lakini moyoni aliona hata hapo bado unawaza mambo yako.

Msibani, wengine walikuwa wakikulilia, yeye alikuwa akiwakagua waliaji. Kila mwanamke aliyeingia uani Mgeta alipimwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Alikuwapo binti mmoja mrefu aliyelia hadi wenzake wakamtoa nje. Modesta alimkazia macho akajisemea, ndiye huyu.

Ndipo mtani wako Kibwana, mlinzi wa lango la kiwanda, alipofanya yale ambayo watani hufanya. Alivaa koti lako, akakwapua mkoba wako, akaanza kutembea kama wewe, shingo mbele.

"Shikamoo mwenye nyumba! Chumba nimekisikia. Nionyeshe kwanza!"

Alinusa ndoo ya maji. Alipiga teke kitanda. Kisha akajifungia jikoni, akapiga kelele kutoka ndani, "Haya sukumeni! Aa, huyo ni mlevi wa sherehe ya ubatizo. Sukumeni kama mlevi aliyepokea mshahara!" Watu wakavunjika mbavu, wakausukuma mlango kwa mabega. Wanafunzi wako wa kike walikuwa wakicheka huku wanalia. Modesta peke yake hakucheka. Alingoja Kibwana atoke, akamshika mkono wa koti.

"Kibwana, haya umeyatoa wapi?"

"Shemeji, nani asiyejua? Kila chumba cha mwanafunzi wa kike alikifanyia hivyo. Mimi mwenyewe alinisukumisha mlango pale Mji Mpya, yeye na mama mwenye nyumba wako ndani wanacheka, bega langu likavimba siku mbili. Mlango usio na komeo alitoa lake mkobani akalifunga. Wewe hakukwambia?"

Modesta aliuachia mkono wa koti. Aliingia ndani, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kilio chake.

Yule binti mrefu alikuja tena kwenye arobaini. Anaitwa Asia. Alimwamkia Modesta, akaitikiwa marahaba ya baridi, lakini akaketi hivyo hivyo. Alikuwa wa kundi la Juni 1994, la kwanza kulala nje ya bweni.

"Mwalimu alinigongea muhuri kwenye barua bila kukiona chumba," alisema. "Wote walimwambia ni kwa watu wazuri. Mlango ulikuwa na matundu tu pale komeo lilipong'olewa. Nilisogeza kitanda nikauzibia, wiki tatu nzima. Na kila siku nikishazima taa, mtu alikuwa anausukuma. Taratibu tu, mama. Mlango ukigoma, anaondoka. Niliporudi nilimweleza mwalimu. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, hata wewe."

"Hata mimi mkewe?"

"Nisamehe, mama. Nilifikiri, mke wa mwalimu ana majirani."

Modesta alimwazia Mwanvita na mchicha wake, akainamisha kichwa. Asia ndiye aliyetuomba mwaka huu tuliandike jambo hili, ili ijulikane ulikuwa ukibeba nini. Ulikuwa umemtia saini mtoto wa watu kwenye mlango usiofungika, na ukaapa usirudie. Kiapo ulichompa ulikitunza hata kilipokugharimu amani ya nyumba yako. Tumekusifu kwa hilo. Tumekukasirikia pia, Gervas, tuseme kweli. Ungeweza kumwambia mkeo nusu yake.

Sasa sikiliza ya Juni iliyopita.

Rosa amefika kidato cha tatu. Alipangiwa Dakawa, kwenye mashine mpya ya kukoboa mpunga, na nafasi yako imeshikwa na kijana Mwalimu Bonifasi, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Modesta alimfuata ofisini.

"Atalala kwa nani?"

"Kwa Bi. Mwajuma, mama. Ni watu wazuri sana."

"Umewaona?"

"Wameandika barua nzuri."

Modesta aliitazama ile barua na muhuri wake. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hapo ndipo shaka ilipomwingia. Rosa alimsihi, "Mama, nitachekwa. Wenzangu wote wanaenda fildi bila kusindikizwa." Hakumsikiliza. Alhamisi alichukua mkoba wako, akapanda gari la Dakawa peke yake.

Bi. Mwajuma alimkaribisha kwa uji na maneno matamu. Modesta aliuacha uji.

"Nionyeshe mlango kwanza."

Chumba kilikuwa kisafi, kimepakwa chokaa. Mlango ulikuwa na msumari uliokunjwa.

"Hapa kwetu hatuna wezi, dada," alisema Bi. Mwajuma.

"Sikuja kwa ajili ya wezi."

Akafungua mkoba. Ndani yake lilikuwamo komeo la tano, lile ulilolinunua kabla ya kulazwa, bado kwenye gazeti lake. Mkeo hajawahi kushika bisibisi maisha yake yote. Skrubu ya kwanza iliingia upande, ya pili ikamchubua kidole. Alipomaliza alimwomba Bi. Mwajuma atoke nje asukume.

Bi. Mwajuma alisukuma akicheka. "Sukuma kama mlevi," Modesta akamwambia. Akasukuma tena. Kisha kicheko kikakatika kule nje, na mama yule akausukuma mlango kwa bega lake lote, mara tatu, bila kuambiwa. Alipofunguliwa alisema tu, "Binti yangu mwenyewe yuko kwa watu, Dar."

Modesta ametuambia kwamba aliposimama mle ndani, mgongo mlangoni, komeo likitikisika bila kuachia, ndipo alipojua mlichokuwa mkikifanya wewe na yule mwanamke wa Mji Mpya. Alikuomba radhi palepale, kwa sauti. Tunaamini umesikia.

Rosa alirudi salama. Alimnunulia mama yake komeo jipya kwa ajili ya mlango wetu wa nyuma. Modesta alilipokea, akaligeuza geuza, akalifunga kwenye gazeti. Jumatatu Bonifasi alikuja kumchukua, waende Kisaki kukagua vyumba vya wasichana wengine watatu ambao zamu yao ilikuwa bado. Mlango wetu bado unafungwa kwa waya.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Mgeta, Jumatano tarehe 13 Agosti 1997, saa moja asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Modesta, binti yako Rosa, wadogo zako Stefano na Agnes, mtani wako Kibwana ambaye bado analidai koti, jirani yetu Mwanvita anayeomba asitajwe, na Asia, ambaye tangu siku ya arobaini ni wa nyumba hii.

Mungu akupumzishe, Baba Rosa. Hatutakusahau kamwe, na mkoba hatukuutupa.