Spana za Jaguar ya Mzee Peterson

Jumanne, 3 Oktoba 2006

Leo nimeudhika mpaka kichwa kinagonga. Anysie ninayeishi naye yuko shifti, nyumba kimya, nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na bado hasira haishuki.

Christopher, mtoto wa Mzee Peterson ninayemtunza, alikuja pale Takoma Park na mtu kutoka Virginia anayetaka kununua gari. Gari lenyewe ni lile la Mzee la michezo, Jaguar ya kijani ya mwaka 1964, linalolala garajini limefunikwa shuka. Alilinunua ujanani, kabla hata hajaoa. Tangu kiharusi kimkamate miguu haliendeshi tena, ila kila Ijumaa lazima nimsukume na kigari chake, niinue shuka, aliangalie. Akili yake ni nzima kabisa. Naandika hili kwa sababu ndilo linalonikera zaidi.

Mnunuzi akakagua injini, akajilaza chini ya gari na suruali yake safi, akasifu. Halafu akafungua buti na kuuliza mkoba wa vifaa uko wapi. Ule uliotoka kiwandani pamoja na gari, mwaka ule ule. Akasema gari bila mkoba wake wa kwanza ni nusu gari.

Christopher akamgeukia baba yake. Mzee akatazama dirishani kama kuna kitu amekipoteza kwa jirani. Christopher akanigeukia mimi. Nimeshika bakuli la supu. Nikasema mimi mambo ya magari siyajui.

Si uongo. Lakini si ukweli pia.

Mkoba ule alinipa Mzee mwenyewe, mwezi wa sita. Nilikuwa nimemsimulia jinsi garaji la mdogo wangu Anatoli kule Bukoba lilivyovunjwa, wakamkomba vifaa vyote. Kesho yake Mzee akaniagiza nifungue buti. Turubai lililokunjwa na kufungwa kwa mkanda, ndani spana, bisibisi, plaizi, geji ya upepo, kibomba cha grisi. Pembeni nyundo ya ajabu, upande mmoja shaba, upande mwingine ngozi. Nilikataa. Akasema vifaa vinavyolala vinashika kutu, mpelekee ndugu yako. Basi nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa anakwenda likizo, akalalamikia uzito mpaka uwanja wa ndege.

Mimi nilijua ni spana tu! Kumbe kuna watu wazima wanaokosa usingizi kwa ajili ya nyundo.

Kesho Mzee atasema mwenyewe. Lazima.

Jumatano, 4 Oktoba

Hakusema. Nilimwuliza wakati namnyoa. Akatoa kifaa chake cha sikio, akakiweka mezani, akaniinulia kidevu ili niendelee.

Njiani kurudi Hyattsville nikampigia Anatoli kwa kadi ya simu. Nikamwambia vile vifaa vinatafutwa, viko katika hali gani? Akacheka. Ameshavipaka rangi nyekundu kwenye mishikio ili visiibiwe tena. Kuna fimbo moja ya chuma ameikata, ilikuwa haiingii kwenye malori. Nyundo ndiyo kipenzi chake kwa sababu haichubui chuma, ila ule upande wa ngozi ulikwisha, ameweka ngozi nyingine ya ng'ombe. Nikamwuliza na ile spana ya kupanua na kubana mdomo.

"Spana malaya? Nimeiazimisha, iko Muleba."

Simu yangu ina sauti kubwa. Mama mmoja Mkenya aliyekaa mbele yangu kwenye basi akageuka kunitazama vizuri.

Sasa nimrudishie nini Christopher? Fimbo iliyokatwa, na rangi nyekundu?

Jumamosi, 7 Oktoba

Anysie amepika sombe, kisamvu cha kwao, tumekula, nimemweleza yote. Yeye ni mtu wa Uvira, tumekaa nyumba moja mwaka wa tatu huu, hana maneno mengi. Akasema, "Dada, huku bakikuita mwizi mara moja, ile jina haitoke tena. Sema vérité."

Nikamwambia ukweli nao ni mtego. Ejensi iliyoniajiri inakataza kupokea chochote kutoka kwa mteja, hata soksi za Krismasi. Nikisema nilipewa, nimejifukuzisha. Nikinyamaza, mimi mwizi. Mwenye kuniokoa ni Mzee tu. Aseme alivitoa kwa hiari, alinilazimisha, na mimi nilikataa kwanza. Labda watanionea huruma.

Anysie akauliza kama huyo mzee ananipenda. Nikasema ndiyo, nadhani. Yeye ndiye anayenikumbusha nipige simu nyumbani. Nilimfundisha maana ya neno mzee, akalipenda, sasa hata mtu wa posta anamwambia amwite hivyo. Mimi ananiita Nora kwa sababu Honorata limemshinda.

"Basi huyo Mzee wako anaogopa kitu," Anysie akasema, akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo ilikuwa sikukuu, Christopher hakwenda kazini. Alifika asubuhi akapekua garaji lote. Makopo ya rangi, masanduku ya marehemu mama yake, mapambo ya Krismasi. Anatoka huko vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamtengenezea kahawa, nikamwonea huruma kidogo. Anaendesha kutoka mbali kila mara, ana watoto wadogo, na kila akiongea na baba yake anajibiwa kwa mabega.

Halafu akaniomba nifungue mkoba wangu.

Alisema kwa upole. Afadhali angefoka. Akasema si kwamba ananishuku, anataka tu kuondoa kila uwezekano. Nikauweka mkoba juu ya meza ya kulia chakula, nikatoa kimoja kimoja. Viatu vya ndani. Rozari. Ndizi zangu kwenye kibakuli. Dawa ya presha. Pedi. Nilizitoa na zenyewe, nikazipanga mbele yake, akawa mwekundu mpaka masikio.

Mzee alikuwa pale pale kwenye kigari chake. Kifaa cha sikio alikuwa nacho. Alitazama mikono yake mwanzo mpaka mwisho.

Nina miaka hamsini na moja. Nimefundisha shule ya msingi Kashozi, nimelea watoto wa watu na wazazi wa watu, na hakuna aliyewahi kunipekua. Sikulia pale. Nimelilia kwenye basi, kama mtu asiye na adabu.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemsema. Nilingoja mpaka nianze kumwogesha, maana akiwa na sabuni hawezi kutoa sikio lake na kuliweka mezani.

"Mzee, jana mtoto wako amepekua mkoba wangu na wewe ulikuwa unatazama."

Akasema anajua.

Nikamwambia sitaki kujua kwamba anajua, nataka kujua kwa nini.

Akajisuuza povu usoni kwa mikono miwili. Halafu akanieleza. Mwezi wa tano Christopher alimbana kuhusu nyumba ya wazee kule Rockville. Alikuwa ameshaweka jina, chumba kinangoja. Mzee akakubali kwa sharti moja, kwamba atahama siku gari litakapopata mnunuzi. Christopher akafurahi, akampa mkono. Asichojua ni kwamba watu wa magari yale hawataki gari lenye pengo. Wanataka kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, mpaka bisibisi. Mkoba usipokuwepo, kila mnunuzi atasita, na gari litakaa. Na yeye atakaa.

Mwezi wa tano walipatana. Mwezi wa sita akanipa mkoba.

Nikaweka sponji chini. "Kwa hiyo hukumpa Anatoli vifaa. Ulivificha kwa Anatoli."

Akafikiri. "Vyote viwili, Nora."

Jamani! Nilimsugua mgongo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, kisha nikajirudi, nikamfunga taulo. Nikamwambia mimi si kabati lake la kuhifadhia siri. Nina kazi, nina cheti, nina mama Bukoba anayetibiwa kwa mikono hii hii. Akashika mkono wangu, akasema atazungumza na Christopher.

Mchana Christopher alipiga simu. Nikamwekea Mzee simu sikioni, nikasimama pale pale. Wakaongea juu ya mvua.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ejensi wamepiga. Yule dada wa ofisini, sauti tamu kama kawaida. Familia imeleta "wasiwasi". Jumamosi ndiyo shifti yangu ya mwisho kwa Mzee Peterson, Jumatatu niende ofisini. Nikauliza nimeshtakiwa kwa kitu gani. Akasema hakuna aliyetumia neno hilo.

Hakuna aliyetumia neno. Ndivyo wanavyokufukuza huku, bila neno.

Mchana akapiga Anatoli, kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa ametoka Muleba kuifuata ile spana. Vifaa vyote amevikusanya, rangi ameikwangua kwa msasa na mafuta ya taa. Fimbo aliyoikata ameichomelea.

"Dada, nivitume? Mimi nitaanza upya tu."

Nikamwuliza ana vifaa vingine. Akasema hana, lakini nisijali. Nikamsikia mtu nyuma yake anamwuliza lori litakuwa tayari lini, naye anamjibu kwa ile sauti ya marehemu baba, asubiri kidogo, anaongea na dada yake Marekani.

Vimekwanguliwa kwa msasa! Hata vikifika, mnunuzi wa Virginia ataona mikwaruzo akazimia. Vimeshakuwa spana za Bukoba. Nikamwambia abaki navyo, apake tena hiyo rangi yake. Nilikata simu kabla hajaanza kunishukuru, kwa maana ningeghairi.

Sasa nimebaki bila mkoba, bila kazi na bila ushahidi. Anysie amenitazama akatikisa kichwa. Amenichemshia maziwa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika mahali pa ajabu, mwandiko utanisamehe, nimeweka daftari juu ya goti.

Asubuhi nilifika nimejipanga. Nimsafishe, nimlishe, nimuage, niondoke na heshima yangu. Nakuta lori la kubeba magari limeegeshwa mbele ya nyumba. Yule mnunuzi amekubali kulichukua gari bila mkoba. Amesema ataусaka mkoba huko na huko mtandaoni, kipande kwa kipande, hata kama itamchukua miaka, na kwamba kutafuta ndiyo raha yenyewe.

Raha yenyewe! Nimepekuliwa, nimeachishwa, mdogo wangu amekwenda Muleba na kurudi, na mtu huyu alikuwa anaweza kulichukua gari hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Mzee aliambiwa wakati anakunywa uji wake. Akauliza lini. Christopher akasema leo. Na chumba kule Rockville? Jumatano. Christopher alisema hivyo huku anakunja na kukunjua leso ya mezani, hakumtazama.

Mzee akaomba akae ndani ya gari mara moja kabla halijaondoka. Nani angemkatalia? Mimi na dereva wa lori tulimbeba. Gari lenyewe liko chini kama godoro la sakafuni, kumwingiza ilikuwa kazi. Tukamkalisha nyuma ya usukani, nikamwinulia miguu mmoja mmoja, nikamfunga koti. Mnunuzi akarudi nyuma hatua chache, akavua kofia.

Hapo ndipo Mzee akasema. Bila kuulizwa, na macho yako mbele kwenye ukuta wa garaji.

"Chris. Mkoba nilimpa Nora mwezi wa sita. Alikataa, nikamlazimisha. Uko Afrika kwa ndugu yake, unafanya kazi. Nilitaka usiuze."

Christopher alibaki amesimama, mkono kwenye paa la gari. Akanitazama. Nikamtazama na mimi, maana sikuwa na mkoba wa kumfungulia safari hii. Halafu akasema samahani, kwa sauti ndogo, sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Ningeridhika pale. Nilikuwa nimeshaanza kuridhika. Lakini Christopher akasema haya Baba, lori linasubiri, na Mzee akafunga mlango wa gari kutoka ndani na kubonyeza kitasa. Akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Christopher akabisha kioo. Akabembeleza. Akazunguka upande wa pili, huko mlango haukufungwa, akaufungua, akainama, akamwambia baba yake mambo ambayo sikuyasikiliza kwa makusudi. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa. Dereva wa lori aliwasha sigara. Mnunuzi akasema hana haraka, ingawa alitazama saa.

Christopher akanijia. "Wewe anakusikia. Tafadhali mtoe."

Kweli, ndiyo kazi yangu. Nimewatoa wazee kwenye mabafu, kwenye vyoo, kwenye vitanda walivyokataa kuviacha. Najua pa kushika na namna ya kusema. Ejensi haijaniachisha bado, mpaka jioni mimi ni mwajiriwa.

Nikazunguka, nikaingia upande wa abiria. Nikakaa. Kiti kinanukia ngozi na mafuta. Nikafunga mlango na kubonyeza kitasa cha upande wangu pia.

Sikuwa nimepanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mzee hakugeuka. Akaniuliza kama niko vizuri, kama kiti kisogezwe. Nikasema niko vizuri. Nikatoa daftari kwa sababu sijui mtu afanye nini akijifungia ndani ya gari la watu.

Wako nje watatu. Christopher amekaa juu ya kopo la rangi, kichwa mikononi. Sasa ameinuka, anakuja upande wangu, ananionyesha kwa ishara nishushe kioo. Mzee ananiuliza anataka nini, nami namjibu anataka tutoke, lakini kioo sikishushi bado.