Mipira Anayodaka Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko barua inavyoweza kubeba. Natumaini hujambo, na kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya huko kimepona. Mama mzima, ila analalamika kwamba siku hizi situlii: naanza kufua naishia kufagia, chai inapoa mezani. Hakosei. Hata barua hii nimeianza mara kadhaa nikainuka.

Unajua jinsi Baba alivyokataa mazoezi ya mkono baada ya kiharusi. Yule dada wa hospitali alimpa mpira laini wa kuminya, Baba akamuuliza kama anamwona yeye ni mtoto mchanga. Ndipo nikapata wazo la mchezo wa kwenye tableti. Mimi ni mshona mapazia, kompyuta naijua kwa kutazamia filamu, lakini rafiki yangu wa duka la simu alinionyesha msaidizi wa akili mnemba: unamwandikia unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anaandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta. Nikamwambia nataka glavu za kipa chini, mipira idondoke kutoka juu, na mchezaji asogeze glavu kwa kidole. Mara ya kwanza mipira ilipaa badala ya kushuka. Mara ya pili glavu zilitoka nje ya kioo zisirudi. Kila nikimfokea aliomba radhi kwa adabu mpaka nikaona haya. Hatimaye mchezo ukafunguka kwenye kivinjari, nikakutumia kiungo ili nawe uone alama za Baba.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza Baba hakudaka hata mpira mmoja. Kidole kilitetemeka, akaisukuma tableti akageukia ukuta. Roho iliniuma. Nikamwandikia msaidizi apunguze kasi. Kesho yake nikataka glavu ziwe pana. Halafu nikamwambia kila Baba akikosa, mpira unaofuata uzifuate glavu wenyewe, kidogo kidogo, isionekane. Msaidizi aliniuliza kama mchezaji atajulishwa, maana alama hazitaonyesha tena hali ya mkono. Nikamjibu afanye nilivyomwambia. Alama zikapanda. Mama akapiga vigelegele, na wewe ukatuandikia kwamba maadamu mzee anapona hivi, likizo utaisogeza hadi mwakani. Tangu hapo sina raha.

Nilisahau tu kwamba Baba alikuwa refa. Mtu aliyekutoa wewe, mwanawe wa kumzaa, kwa kadi nyekundu mbele ya shule nzima, angekosaje kuliona? Jumapili aliniita akasema mchezo huu umehongwa. Alikuwa ameuondoa mkono kabisa kwenye kioo, na mpira bado ukaingia kwenye glavu. Hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani hasa ninayemdanganya, na kama wewe umeambiwa.

Nimemwomba msaidizi arudishe kila kitu kama mwanzo. Kaka, ukweli ndio huu: mkono haujapona. Daktari anasema huenda usirudi, na sasa mguu nao umeanza kulegea. Ukingoja mwakani, sijui utamkuta katika hali gani. Nilitaka ashinde, kumbe nilikuwa nakuzuia wewe usije. Nisamehe, lakini kwanza omba ruhusa kazini.

Jana alidaka miwili, miwili ya haki. Akamwita Mama aje aone, na Mama alipofika mpira wa tatu ukampita, akacheka kicheko ambacho hatujakisikia tangu augue. Baadaye aliniuliza, kana kwamba anauliza kama mvua itanyesha, ndege za kutoka huko huja siku gani.

Mama anakusalimu sana, na rafiki yangu wa duka la simu pia. Baba nilipomwambia nakuandikia, hakunipa salamu zozote. Anasema zake atakupa mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba