Spana ya Mama Mkwe

Okwara, nimekwisha.

Nilikuwa chini ya gari nikibadilisha bushi, zile raba za magurudumu ya mbele, ili Jumamosi twende kwa kina mke wangu Anyait, kule Kocholia, waone mkwe wao ni nani.

Nikasikia nyayo. Nikadhani ni Anyait. Nikafoka, "Wacha kunisimamia kama askari wa mpaka! Lete spana namba kumi na saba!"

Nikaletewa. Mkononi, Okwara!

Kujivuta nje, ni mama mkwe, amekuja kututembelea bila taarifa. Yule ambaye kwa mila sitakiwi kukaribia hata kivuli chake. Na mimi kifua wazi.

Alifunika uso kwa leso, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia: "Anyait, mwambie fundi wako Jumamosi alete mbuzi wa kuosha hii aibu. Na aje kwa miguu. Bolti ya kushoto hajaikaza."

Nimerudi chini kuangalia.

Ni kweli.