Nilimstaafisha Mwalimu Mkuu, Wasomaji Wakamzika

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako upesi, maana nimemuua mtu, na mtu mwenyewe jana alikuwa amekaa mbele ya meza yangu anakunywa soda na kunicheka, na nikiendelea kunyamaza naogopa nitamuua na mwingine, huyo wa pili kwelikweli.

Mimi nafanya kazi ofisi ya wahitimu ya chuo kikuu kimoja. Chumba chetu kiko nyuma ya maktaba, kina dirisha lisilofunguka na kabati la picha za mahafali tangu enzi za suruali pana, na kazi yangu ni kuandaa jarida la wahitimu, yaani nani kaoa, nani kapandishwa cheo, nani kafungua zahanati, nani kapata wajukuu mapacha, na juu ya hapo kuwakumbusha kwa maneno matamu kwamba chuo chao bado kinawapenda na kingefurahi wakikitembelea. Kusema kweli hawatujibu. Tukiandika, kimya, tukipiga simu, wako kikaoni, na mkuu wangu wa ofisi kila Jumatatu ananiuliza kama hawa watu walisoma hapa au walipita njia tu. Ndipo nikajiambia tatizo ni lugha, ngoja niwaandikie kwa lugha nzito wasikie raha.

Basi ikaja habari ya mwalimu mkuu mmoja wa sekondari, mhitimu wetu wa zamani, kwamba amestaafu. Mimi hilo neno nikaliona kavu, la kiofisi, halina ladha mdomoni, nikaandika kwamba mwalimu wetu mpendwa amepumzika baada ya safari ndefu ya kuwatumikia wengine, ameacha pengo lisilozibika, na wanafunzi wake hawatamsahau kamwe. Nilijipongeza, mshauri. Nikamsomea hadi mpiga picha wetu, akasema hiyo imekaa. Picha ya rangi niliyotumiwa ilikuwa na ukungu, nikachomoa ile ya mahafali yake, nyeusi na nyeupe, na fundi wa kupanga kurasa, Mungu amsamehe, akaizungushia fremu nyeusi kwa sababu eti inapendeza.

Kilichofuata unakijua. Jarida lilitoka asubuhi, na kabla chai yangu haijapoa rambirambi zilikuwa zinamiminika. Watu ambao hawajawahi kutujibu hata salamu wakaandika kurasa nzima, wengine wakatuma sauti zao wakilia, mmoja akaeleza jinsi marehemu alivyompa viatu vyake aendee usaili wa kazi, yeye mwenyewe akabaki na ndala wiki nzima. Kwanza sikuelewa, nikadhani kuna mwingine kafariki. Niliposoma upya nilichoandika, nilikaa kwenye ndoo ya kupigia deki.

Nilinyanyuka niende kwa mkuu nikaseme ukweli, lakini nilimkuta amesimama, macho mekundu, uso unang'aa, analia na kufurahi kwa pamoja. Akaniambia kwamba wamejibu, hatimaye wamejibu, na kwamba kwenye mkutano wa wahitimu Jumamosi hii kutakuwa na jioni ya kumbukumbu, na chumba kipya cha kusomea kitapewa jina la marehemu. Mshauri, sikusema ukweli. Nikasema ndiyo mkuu.

Sasa jana mlango ukagongwa, akaingia mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, jarida letu kwapani. Akanisalimu vizuri, akauliza ya nyumbani, halafu akasema, "Binti yangu, nimekuja kuuliza kama na mimi naruhusiwa kuhudhuria."

Nilimtambua kwa picha. Nilitaka kulia, yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, nikamwagizia soda, akaomba nimsomee yaliyosemwa juu yake. Nikamsomea. Alifurahi kama mtoto, akawa ananisahihisha kwamba viatu vilikuwa vya kahawia na vilikuwa vinambana hata yeye. Hadi nilipofika kwenye ujumbe wa mpima ardhi mmoja mstaafu, soda ikabaki mkononi.

Akanieleza kwamba huyo mpima ardhi alikaa naye chumba kimoja miaka yote ya chuo. Watu waliwaita Sufuria na Mfuniko, ukimwona mmoja mwingine hayuko mbali, na Sufuria ndiye huyu mwalimu mkuu wangu. Mfuniko alipooa, Sufuria alikuwa msimamizi wake, na akapewa nafasi ya kusema machache. Akatia utani. Akawaambia wageni kwamba bwana harusi alirudia somo la hesabu mara nyingi mpaka mhadhiri akamzoea kama fenicha ya darasa. Watu walicheka, isipokuwa baba mkwe, ambaye alikuwa ameambiwa kijana huyu ndiye aliyeongoza darasa. Mfuniko aliona aibu mbele ya ukoo mzima, na tangu siku hiyo hawajasemeshana, wamezeeka hivyo hivyo. Na ujumbe wake ulikuwa mfupi kuliko yote. Aliandika, "Nilikuwa namngoja yeye aanze. Kumbe naye alikuwa ananingoja mimi. Sasa nani ataanza?"

Sufuria akatoa kitambaa, akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Kisha macho yakachangamka, akaniomba nisisahihishe chochote. Anataka Jumamosi aje kimyakimya, akae viti vya nyuma na kofia, Mfuniko asimame amseme vizuri mbele ya watu wote, akimaliza tu, yeye anyanyuke na kusema ahsante. Alilieleza hilo kwa furaha kiasi kwamba na mimi nikaona ni jambo zuri, nikakubali. Mke wake naye yumo, amenipigia leo kuuliza kama mjane anaweza kuvaa gauni la maua.

Lakini mshauri, usingizi sina. Mfuniko, ambaye ndiye atakayezungumza Jumamosi, ananipigia simu kila siku kunisomea hotuba yake. Kila akifika katikati sauti inakatika, namsikia mkewe akimletea maji. Aliniuliza kama rafiki yake aliteseka mwishoni, nikasema hapana baba, alikuwa na amani, jambo ambalo si uongo lakini si ukweli. Na leo ameniomba awekewe kiti, maana daktari amemkataza kusimama sana na kushtuka, presha yake haitabiriki. Kushtuka, mshauri. 

Nikimwambia ukweli sasa, naogopa atakasirika, ataona Sufuria kamfanyia tena mzaha, atafuta kila alichoandika na hawa wazee watakufa kweli bila kusemeshana. Nisipomwambia, naogopa ataanguka palepale ukumbini. Na mkuu wangu bado hajui, keshaagiza maua. Nifanye nini?

Ni mimi, mwandishi wa lugha nzito.

—

Mwanangu muuaji,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kulikoni, nikamsomea, tukacheka wote. Nilipofika kwenye kiti cha Mfuniko nikaacha kucheka. Kwa hiyo nitakusema kidogo, halafu nitakusaidia, na vyote uvipokee.

Kustaafu ni neno zuri, limeoga, lina kazi yake. Wewe ukalidharau ukaenda kuokota "amepumzika", ukalipa pengo, ukalipa safari ndefu, ukalivalisha fremu nyeusi, kisha unashangaa watu wameleta maua. Lugha nzito ni kama chumvi, mwanangu, anayeitia bila kuonja hulisha watu sumu. Lakini hilo ni kosa la kalamu, na kosa la kalamu husameheka. Lisilosameheka ni hili la kumjua mtu ni mzima, umemnunulia na soda, halafu bado unasikiliza rafiki yake akimlilia kwenye simu. Hapo hukukosea neno, hapo unadanganya. Komesha leo.

Sasa hebu tumwangalie huyo marehemu wako mchangamfu. Nampenda, na wewe unampenda, ndiyo maana hukuona anachotaka kufanya. Urafiki wao ulivunjika kwa nini? Kwa utani mbele ya watu. Na yeye anataka kuutengeneza kwa nini? Kwa utani mbele ya watu. Mwenzake aliaibika siku ya harusi, ukumbi mzima ukicheka, leo tena akae kwenye kiti, machozi yakimtoka, hotuba mkononi, ageuke aone ukumbi mzima unamcheka kwa mara ya pili. Hata presha ikimwachia, aibu haitamwachia. Mwambie Sufuria hayo kama nilivyoyasema, usiyapunguze makali. Mwalimu mkuu aliyekaa na vijana maisha yake yote ataelewa kwa sentensi moja.

Halafu nenda kwa mkuu wako, asubuhi, kabla hajaagiza maua mengine. Atafoka. Mwache afoke, ana haki yake, usijitetee na usimtaje fundi wa kurasa. Akishatulia mwambie hivi: wahitimu hawakujibu kwa sababu ya lugha yako nzito, wala kwa sababu chuo kinawapenda. Wamejibu kwa sababu walimkumbuka mtu aliyebaki na ndala ili mwenzake apate kazi. Mnawaandikia habari za majengo na vyeo, wakati kila mmoja wao ana mtu anayemkumbuka, na anaona haya kumuulizia mpaka asikie amekufa. Toleo lijalo fungueni ukurasa wa hilo, nani anamtafuta nani, muone kama watakuwa kikaoni. Jioni ya Jumamosi ibaki, hotuba zibaki, watu waseme yote waliyoandika, msemwa akiwa kiti cha mbele anasikia. Na chumba cha kusomea kinaweza kubeba jina la mtu aliye hai, rangi ya ukuta haitabanduka. Masahihisho yatoke siku hiyohiyo, kwa maneno ambayo hata mtoto hawezi kuyaelewa vingine: amestaafu, yuko hai, atakuwepo.

Lakini kabla masahihisho hayajatoka, Mfuniko awe amekwisha kujua, na asijue kwa simu. Mpigie mkewe kwanza, faraghani, umweleze yote, yeye ndiye anayempelekea maji na anajua saa ambayo mumewe yuko sawa. Mwombe awepo. Kisha uende mwenyewe, ukae, umngoje naye akae. Usianze na "samahani" wala "kuna jambo", kwa mtu wa umri wake hayo ni milango ya msiba, na msiba keshapewa mmoja. Anza na neno "mzima". Rafiki yako ni mzima, baba, mimi ndiye niliyekosea kuandika. Halafu unyamaze. Akikasirika, akukasirikie wewe, ndiyo kazi uliyoendea.

Unaogopa kiburi kitarudi. Kinaweza. Lakini rudia kusoma ule ujumbe wake mfupi. Mtu mwenye kiburi haandiki vile. Huyo ni mtu aliyechoka kungoja, na ameuliza swali, na swali hilo amelituma kwako kwa sababu hakuwa na anwani nyingine ya kulipeleka. Wewe una mtu wa kulijibu, tena ana miguu yake na shati lililopigwa pasi. Kukaa nyuma ukumbini na kofia si kuanza, ni kuendelea kumngoja mwenzake aanze.

Kwa hiyo siku utakayokwenda, Sufuria aende na wewe, akae nje getini bila kofia. Mke wake naye aje, avae hilo gauni la maua. Ukishasema neno lako, na mwenye nyumba akishavuta pumzi yake, wewe toka umwite. Asiingie kwa vishindo, asiingie na kichekesho. Agonge mlango kama mgeni. Ndani atasikia wanauliza, kama kila nyumba inavyouliza, "Nani?"

Ajibu, "Mimi. Nimeanza."